Muda wa Kufika Lumbadzi

Habari ya kifo cha Mama Mapendo ilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa nasahihisha kazi za wanafunzi katika chumba changu hapa Likuni. Aliyenipigia simu ni binti yake, kutoka Kanada, na alizungumza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia kabla ya kushika simu. Mama alikuwa amejilaza mchana akisubiri chai, na chai ilipoletwa hakuamka. Tulizungumza kidogo juu ya mazishi na juu ya theluji iliyokuwa bado haijayeyuka, kisha binti huyo, Mapendo mwenyewe, akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: kama ni kweli kwamba mama yake aliwahi kufanya kazi na watu wa barabara, pamoja nami. "Alikuwa anasemaka, 'Mi na Nabintu njo tulipima ile barabara.' Sie tulifikiri ni uzee," alisema. Nilimjibu kuwa haukuwa uzee. Nilitaka kumweleza zaidi, lakini nilitambua kwamba maelezo yenyewe hayaingii katika simu, kwa sababu yanahusu mwaka mzima, na kwa sababu katika mwaka huo mimi na mama yake tulikoseana mara moja, vibaya, na namna tulivyopatana haieleweki bila kueleza kwanza kazi ya kupima barabara ni kazi gani.

Sitaeleza hapa nilivyofika Malawi, wala niliacha nani na nini Bukavu. Inatosha kusema kuwa nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nikiwa na cheti cha sekondari cha Kilatini na falsafa, cheti ambacho katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka kilikuwa na matumizi machache kuliko pasi ya mkaa. Mama Mapendo alikuwa mshonaji kutoka Uvira. Alinikaribisha kwake baada ya kukaa nami benchi moja kanisani Jumapili tatu mfululizo na kuona, kama alivyoniambia baadaye, kwamba nilikuwa nikivaa gauni lile lile na kulinyoosha kwa mikono. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili vya matofali mabichi. Katika cha mbele kilikaa cherehani chini ya dirisha, na sare za shule zilizokatwa tayari zilining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, kiasi kwamba mgeni aliyeingia alilazimika kupenya katikati ya mikono mitupu ya mashati. Mkeka wangu ulikuwa kati ya cherehani na ukuta. Mpaka leo harufu ya mafuta ya cherehani ikichanganyika na ya ndagala wanaokaangwa hunirudisha pale kabla sijajua ninakumbuka nini.

Binti yake, yule aliyenipigia simu, alikuwa ameshatangulia Kanada na mumewe. Mama alibaki kwa sababu majina yao yalikuwa katika kadi mbili tofauti za mgao, na faili lake likawa na safari yake lenyewe. Alikuwa ameshahojiwa mara mbili na wale wanaoamua mkimbizi gani ahamishiwe ng'ambo, na alikuwa akisubiri mara ya tatu, ambayo ilisemekana ndiyo ya mwisho. Jambo hili lazima lieleweke vizuri na mtu asiyeyajua makazi yale. Sote tuliamini kwamba faili huishi kwa kutobadilika. Kila mtu alimjua mtu aliyesema katika mahojiano ya kwanza kwamba walikimbia Alhamisi, na katika ya pili akasema Ijumaa, na faili lake likalala. Kama ilikuwa kweli, sijui. Kwamba iliaminiwa, najua, kwa sababu nilisikia watu wazima wakijifunza maisha yao kwa moyo, jioni baada ya jioni, kama sisi tulivyojifunza minyambuliko ya vitenzi vya Kilatini. Mama Mapendo alikuwa bora kuliko wote. Ukimwuliza alizaa watoto wangapi, alikujibu kwa maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, na akanyamaza mahali pale pale.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Bwana Chirwa. Alikuwa mchumi Mmalawi, mtu mzima mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa katika mji wa zamani wa Lilongwe. Alitafuta vijana waliojua Kiswahili na wenye mwandiko unaosomeka. Upande wetu wa makazi uliunganishwa na barabara ya lami kwa njia ya udongo ambayo wakati wa mvua hata kabaza, yaani waendesha baiskeli wanaobeba abiria, walikataa kuipita. Abiria alivua viatu na kutembea. Njia hiyo ilikuwa karibu kuinuliwa, kumwagiwa changarawe na kuwekewa makalvati. Kipande cha pili, kutoka kwetu kuvuka kijito hadi vijiji vya wakulima, kingejengwa tu iwapo ingethibitika kwamba kipande cha kwanza kimeleta manufaa. Kazi yetu ilikuwa kuuliza watu kabla ya ujenzi, kuwauliza tena baada yake, na kulinganisha. Alitufundisha siku mbili, na nakumbuka alivyoanza. "Barabara haizalishi kitu," alisema. "Haioti mahindi, haishoni nguo. Inachofanya ni kuwarudishia watu muda wao. Kwanza tunapima ni muda gani umerudishwa, halafu tunaangalia wanaufanyia nini." Mimi niliyekuwa nimezoea kudhani kwamba uchumi ni fedha, nilishangaa kwamba ulianzia kwenye saa ya mkononi.

Hojaji ilikuwa na maswali mengi, lakini swali la tisa ndilo lililobeba mengine yote: safari yako ya mwisho kwenda soko la Lumbadzi ilichukua muda gani, kutoka mlangoni hadi sokoni? Juu ya kila hojaji paliandikwa jina la mhojiwa na namba ya kadi yake ya mgao. Leo nisingekubali mwanafunzi wangu aweke vitu hivyo katika karatasi moja. Wakati ule niliona ni unadhifu. Nilianza na nyumba niliyolala. Mama Mapendo alifuta mikono, akavaa kitenge kipya juu ya kile cha kazi, akakaa wima kwenye kiti cha cherehani kana kwamba hatukuwa tumekunywa chai pamoja asubuhi ile. "Masaa tatu," alijibu. "Kwa miguu mupaka kwenye lami, ju ya matope, kisha kungoja minibasi. Andika masaa tatu." Niliandika. Akaniambia nimsomee, nikamsomea, akataka nimsomee tena, huku midomo yake ikitembea pamoja na yangu. Nilifikiri ilikuwa fahari ya kuandikwa. Jirani yetu Mama Esta, muuza ndagala kutoka Fizi, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri zamu yake na kusikiliza kila kitu.

"Na weye, Mama Esta?" nilimwuliza.

"Mi niandike kama huyu. Tunaendaka pamoja."

"Lakini nakuuliza wewe mwenyewe."

"Sasa we unataka nifike mbele yake, nimuache kwenye matope? Andika masaa tatu, mutoto wa Bukavu. Muko na vitabu mingi, lakini hamujue njia."

Majibu yale ya mzunguko wa kwanza yalikuwa ya kweli. Nasisitiza hilo, kwa sababu baadaye watu walipata sababu ya kuyatilia shaka yote. Barabara ilijengwa kiangazi. Kwa majuma mengi tulikula vumbi. Mashati meupe ya shule yalifunikwa kwa shuka hadi yalipochukuliwa na wenyewe. Kisha mvua zikaja, na barabara haikuondoka nazo. Sijui kama naweza kueleza mshangao wetu siku ile ya kwanza ya mvua kubwa, tuliposimama mlangoni na kuona maji yakishuka pembeni, mahali yalipoelekezwa, na kabaza akipita katikati huku amebeba mwanamke na gunia. Mama Mapendo alianza kwenda Lumbadzi mara tatu kwa juma badala ya mara moja. Shule moja ya huko ilimwagiza sare za darasa zima, kwa sababu sasa angeweza kwenda kupima watoto, kurudi kushona na kupeleka kabla ya Ijumaa. Alinunua taa nzuri zaidi. Tulianza kula mkate asubuhi, uliofika ukiwa bado laini.

Mzunguko wa pili uliangukia wakati huo, na siku niliyokuwa nimepanga kumhoji ilikuwa Jumamosi. Asubuhi aliinjika maharagwe, akaniambia niangalie maji yasikauke, akaenda Lumbadzi kutafuta zipu na uzi wa bluu. Alirudi, akafungua chungu, akabonyeza harage moja kati ya vidole, akasema bado. Zipu ziko mezani, uzi uko mezani, maharagwe bado ni magumu. Tulipomaliza kula nilichukua hojaji. Alivaa tena kitenge kipya, akakaa wima. Nilimwuliza swali la tisa.

"Masaa tatu," alisema. "Kwa miguu mupaka kwenye lami, ju ya matope, kisha kungoja minibasi."

Nilitazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka na changarawe ilikuwa kavu. Nilidhani anafanya mzaha, lakini uso wake haukuwa na mzaha wowote. Niliandika alichosema, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa, nikaenda kwa Mama Esta, aliyenipa jibu lake la mwaka uliopita akiwa amelikumbuka hadi koma. Katika nyumba ya tatu hali ikawa ile ile. Kufikia mwisho wa juma nilikuwa na rundo la karatasi zilizofanana na rundo la kwanza, na nilijiambia kwamba si kazi ya mwandishi kubishana na anayeandikwa.

Bwana Chirwa alitandaza safu mbili za tarakimu mezani kwake mjini, kabla na baada. Chini ya dirisha wauza vitambaa walikuwa wakiitana. Katika vijiji vya Wamalawi vilivyopakana nasi muda ulikuwa umepungua sana. Katika makazi yetu haukuwa umepungua hata kidogo. "Barabara ni ile ile," alisema, akivua miwani. "Labda wakimbizi wanazuiliwa njiani? Labda minibasi haziwachukui?" Aliniuliza kwa huruma, alikuwa tayari kuandika sura nzima juu ya mateso yetu. Mimi nilikuwa nimeshajua. Shuleni Bukavu, padri aliyetufundisha Kilatini alikuwa na njia moja tu ya kuwakamata waliotazamiana katika mtihani: hakuangalia majibu sahihi, kwa sababu watu wengi wanaweza kufikia jibu sahihi kila mmoja kwa njia yake, aliangalia kosa. Wanafunzi wawili wakikosea neno lile lile kwa namna ile ile, mmoja amemnakili mwenzake. Nami hapa nilikuwa na safu mbili zenye tope lile lile, moja ya masika yenye tope kweli, nyingine ya barabara ya changarawe. Mzunguko wa pili ulikuwa nakala ya wa kwanza. Watu wangu hawakuwa wamejibu swali la barabara. Walikuwa wamehojiwa kwa mara nyingine na mtu mwenye kalamu na namba ya kadi yao, na walikuwa wamefanya kile ambacho miaka ya kusubiri iliwafunza kufanya, yaani kutobadilisha neno.

Sikumwambia. Kumwambia kulikuwa sawa na kusema kwamba karatasi zenye majina ya majirani zangu zina uongo ndani yake, na mahojiano ya tatu ya Mama Mapendo yalikuwa yamepangwa mwezi uliofuata. Kutomwambia kulikuwa sawa na kuiacha ripoti iseme kwamba barabara haikutufaa kitu, na kipande cha pili kisijengwe. Nilimwambia Bwana Chirwa kwamba nitazipitia hojaji upya, nikazibeba nyumbani katika mfuko wa sare. Kisha nilifanya jambo ambalo kwa miaka yote hii nimewakataza wanafunzi wangu bila kuwaambia kwa nini sauti yangu hubadilika ninapowakataza. Nilitoa hojaji ya Mama Mapendo, nikakata "saa tatu" kwa mstari mmoja safi, nikaandika juu yake "saa moja". Nilianza na yake kwa kuwa ndiyo niliyoijua kwa hakika; maharagwe yalikuwa shahidi wangu, kwa kuwa alikwenda na kurudi kabla hayajaiva. Niliona ni kama kusahihisha tahajia.

Alikuja kuchukua mkasi na akasimama nyuma yangu. Alisoma polepole, lakini alisoma.

"Huu mwandiko ni wako," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Mi nilisema masaa tatu."

"Mama, lakini safari yako haichukui masaa matatu. Wewe mwenyewe unajua."

"Sikukuuliza inachukua ngapi. Nilikuuliza nilisema ngapi." Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mkasi mapajani. "Sasa wale bantu ba intavyu baniite. Bako na karatasi inasema tatu, na ingine inasema moja. Banasema, huyu mama, neno yake ni gani? Nitajibu nini? Eti barabara?"

"Ndiyo, Mama. Utawaambia ukweli. Barabara imejengwa."

"Banakatalaka bantu benye sababu muzuri kuliko ya barabara."

"Hizi karatasi hazifiki kule. Ni za Bwana Chirwa, ziko Lilongwe."

"Jina yangu iko juu?"

Ilikuwa juu, kwa herufi kubwa, na chini yake namba ya kadi.

"We ni mutoto wa masomo," alisema, bila kupandisha sauti. "Mi nilikupa fasi ya kulala ju niliona unanyamazaka. Sikujua mukono yako hainyamazake."

Jioni tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, na kila mara nilikuwa nikila naye katika bakuli moja la plastiki ya kijani. Siku ile aliniwekea changu peke yangu, katika sahani ya kaure yenye maua, ile aliyowatolea wachungaji na wageni. Alinikaribisha kwa heshima zote, akaninawisha mikono, akaniuliza kama chumvi inatosha. Nimekaripiwa na watu wengi katika maisha yangu ya kazi, wengine kwa haki, lakini hakuna karipio lililonifika kama sahani ile.

Kesho yake nilipanda kwenda mjini na kumweleza Bwana Chirwa yote mawili, kwamba majibu yalikuwa nakala, na kwamba nilikuwa nimegusa karatasi. Nilitegemea kufukuzwa. Aliniuliza nimegusa ngapi. Nilimwambia moja. "Basi hiyo moja tumeipoteza," alisema. "Nyingine bado ni za watu waliozijibu, hata kama hazituambii tulichouliza." Akazungusha uzi wa miwani kwenye kidole. Halafu akasema, na nayakumbuka maneno haya kuliko somo lolote aliloniachia: "Kosa hili ni langu. Niliwauliza watu kama karani wa mpakani anavyouliza, kisha nikashangaa kwamba wamenijibu kama mtu anavyomjibu karani wa mpakani." Alishuka dukani kuazima mikasi miwili. Mchana kutwa tulikata sehemu ya juu ya kila hojaji, yenye jina na namba ya kadi, na kuipa karatasi iliyobaki namba isiyomhusu mtu yeyote. Vipande tulivichoma katika debe nyuma ya jengo. Alinitaka nisimame karibu hadi mwisho. "Ili uweze kuwaambia kwamba umeona," alisema, "si kwamba umeambiwa."

Mama Mapendo alinisikiliza akiwa anakanyaga cherehani, na hakuisimamisha hadi nilipomaliza.

"Bamechoma yote?"

"Yote, Mama."

"We uliona na macho yako?"

"Niliona. Nilikuwa nimesimama kando ya debe."

Aligeuza shati, akalinyoosha chini ya sindano. "Bon. Mi sibadilishe. Nilisema masaa tatu, ibakie tatu." Alishona pindo lote kabla ya kuendelea. "Lakini kesho naenda Lumbadzi. Njia si yangu peke yangu. Mutu akitaka kunifuata na saa yake, nitamukataza namna gani? Kutembea si kusema."

Ni yeye, kwa hiyo, si mimi wala Bwana Chirwa, aliyetengeneza mbinu iliyoiokoa tathmini ile. Asubuhi ile nilisimama mlangoni na saa niliyoazimwa ofisini, nikaandika dakika aliyovuka kizingiti. Alipanda kabaza wake, mimi wangu. Sikuwa nimezoea kupanda baiskeli kwa ubavu. Nilishika kiti kwa mikono miwili, na kila tulipofika mteremko nilimwomba dereva apunguze mwendo. Hata hivyo Mama hakupotea machoni pangu. Kila kona nilimwona mbele yangu, kitenge chake kikipepea, umbali ule ule, na nilijivunia usahihi wa vipimo vyangu. Kituoni kwenye lami, minibasi ya kwanza ilifika naye akaiangalia, akasema imejaa, tukasubiri nyingine. Niliandika dakika za kusubiri katika safu yake. Tulifika sokoni kwa muda wa saa moja na nusu, zaidi ya nilivyokuwa nimekisia, lakini nusu ya ule wa kabla. Alinunua vifungo, akaninunulia muwa, akaukata katikati, na tukaula pamoja tumesimama. Jioni nilikuta bugali imewekwa katika bakuli la kijani, kwetu sote wawili.

Kwa majuma mawili niliwafuata wanawake wengine wa upande wetu. Waliposikia kwamba Mama Mapendo amekubali kufuatwa, hakuna aliyekataa. Mama Esta alinitangaza kituoni kila alipoweza, akitia na shukrani ya Kichewa: "Huyu ni kivuli yangu ya leo. Jana alikuwa kivuli ya Mama Mapendo. Zikomo, mupeni fasi." Walinitania, walinibebesha ndoo za ndagala, mmoja alinifundisha kukaa juu ya baiskeli bila kufumba macho. Safari zilitofautiana kwa dakika chache tu, jambo ambalo Bwana Chirwa aliliona zuri mno, akalitazama mara mbili, kisha akaliacha. Nilimwandikia aya ya kueleza kwamba muda wa baada ya ujenzi ulipatikana kwa kufuata wasafiri na si kwa kuwauliza. Ilikuwa aya yangu ya kwanza kuchapishwa mahali popote. Ripoti ilisema kwamba kipande cha kwanza kiliwarudishia wakazi nusu ya muda wao wa safari, na kwamba muda huo ulikuwa umeanza kugeuka kuwa safari zaidi, sare zaidi, samaki zaidi. Kipande cha pili kiliidhinishwa.

Mahojiano ya tatu ya Mama Mapendo yalichukua asubuhi moja. Nilimsubiri nje pamoja na Mama Esta, tukiwa tumekaa juu ya tofali, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kula karanga tulizokuwa nazo. Alipotoka alisema waliuliza yale yale, naye alijibu yale yale. Hakuna aliyemwuliza neno juu ya barabara. Ilichukua miezi mingine, vipimo vya hospitali, picha, orodha iliyobandikwa na kubanduliwa na kubandikwa tena, hadi jina lake lilipotoka pamoja na siku ya kusafiri. Cherehani alimwachia Mama Esta, chumba aliniachia mimi.

Siku ya kuondoka basi la uwanja wa ndege lilisimama upande wa juu wa makazi, na watu walijaa kuaga. Mama alikuwa amevaa koti zito alilojishonea mwenyewe kwa ajili ya baridi asiyoijua, jasho likimtiririka shingoni. Aliniita pembeni, chini ya dirisha la basi. Mama Esta alitufuata, kama kawaida yake.

"Nabintu. Ile dosie yangu, sasa bameifunga?"

"Wameifunga, Mama."

"Hakuna intavyu ingine? Hata kule kwenye ndege?"

"Hakuna. Wanaangalia tu mzigo na karatasi ya kusafiri."

"Bon." Alifungua kifungo kimoja cha koti. "Lumbadzi haifike hata saa moja."

Nilidhani anazungumzia safari aliyokuwa akiianza, kwa kuwa uwanja wa ndege uko upande wa Lumbadzi. Alitikisa kichwa.

"Ile siku ulinifuata. Nilimuambia yule wa kabaza apunguze, ju ulikuwa unashika kile kiti kama mutu anazama. Na ile minibasi ya kwanza ilikuwa na fasi moja. Moja tu. Ningekuacha pale na lile saa lako?"

Nilimgeukia Mama Esta, kwa kuwa safari yake niliipima siku ya pili na ilikuwa ya saa moja na nusu vile vile, na safari za wanawake wote baada yake. Mama Esta alikuwa anacheka hadi anajishika kiuno.

"Tulipatana kanisani," alisema. "Kila mutu amungojee huyu mutoto. Na mi nilingoja minibasi mbili, ndagala zangu zinanuka."

Mama Mapendo alinishika uso kwa mikono yote miwili, mikono migumu vidoleni kwa sindano, akapanda basi. Juma lililofuata nilimweleza Bwana Chirwa. Alisikiliza hadi mwisho, akasema ripoti imeshachapwa na magari ya changarawe yameshavuka kijito, kisha akaenda dirishani na kukaa huko kwa muda, amenipa mgongo, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Tarakimu ile bado imo mle. Tangu hapo imenukuliwa katika ripoti nyingine mbili, na kila mara husomwa kama muda ambao barabara huchukua. Nimewahi kukaa na karatasi ya masahihisho mbele yangu, kalamu mkononi, na sikuiandika, kwa sababu dakika zile zilizozidi nazifahamu zilikwenda wapi: wanawake wale walisimama nazo kituoni kwenye lami, mmoja baada ya mwingine, wakiiacha minibasi iondoke na nafasi yake moja, wakiniangalia ninavyokuja.